JIKO NDANI YA HEMA

Jioni hii twapenda kunena nanyi juu ya moto wa kupikia tuuchukuao safarini, na hatari iliyo ndani yake.

Wako wanafunzi waendao kupiga kambi pamoja na walimu wao. Wako na wapagazi wapandao Kilimanjaro, ambao hulala katika mahema penye baridi kali. Mmoja hupikia kuni, mwingine makaa, mwingine mafuta ya taa, mwingine gesi ya mtungi. Tukiulizwa kipi kilicho salama, wengi wetu twahukumu kwa moshi: kuni ni mbaya kwa kuwa zatutoa machozi, na makaa ni mema kwa kuwa hayana moshi. Hukumu hiyo imewaua watu.

Ni kweli, moshi wa kuni wadhuru macho na mapafu. Walakini humfukuza mtu mapema. Makaa mekundu hayamfukuzi mtu. Hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zipitazo mara 200 zile za oksijeni, hata damu ikakosa nafasi ya kuchukua pumzi ya uhai. Mtu huumwa na kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, miguu humlegea, kisha usingizi humshika. Akilala, huenda asiamke tena.

Mwaka 1934 Admirali Richard Byrd wa Marekani alikaa peke yake Antaktika, katika kibanda kilichofunikwa na theluji, akipima hali ya hewa. Jiko lake la mafuta na injini yake ya umeme vilimtilia sumu hiyo, akawa mgonjwa sana, wala hakutaka kuwaambia wenziwe. Lakini wao, waliokuwa mbali kadiri ya kilometa 200, waliona kuwa maneno ayapelekayo kwa simu ya upepo yamevurugika. Wakamwendea, na mwezi wa Agosti wakamkuta hai. Basi, ikiwa mtu mwenye elimu na vyombo alipatwa hivyo, sisi tutajivunia nini?

Mafuta ya taa na gesi, vikiwaka vizuri, hutoa ulimi wa buluu. Ulimi ukiwa wa manjano, na sufuria ikashika masizi, jueni moto hauwaki sawasawa. Tena, hata jiko jema likiwashwa ndani ya hema lililofungwa, hewa safi hupungua, na sumu ile ile huzaliwa. Gesi ya mtungi ikivuja ni nzito kuliko hewa, hutulia chini tulalapo.

Petroli isitiwe kamwe katika jiko la mafuta ya taa, maana mvuke wake hurukia moto upesi, na jiko laweza kulipuka. Spiriti nayo ina hila yake: ulimi wake hauonekani vema juani. Mtu hudhani umezimika, akaongeza nyingine, chupa ikawaka mkononi. Jiko sharti lipoe kabisa kabla ya kutiwa mafuta.

Basi, ndugu zetu, tupikeni nje. Mvua ikinyesha, tupike chini ya turubai lililo wazi pande zote. Wala tusiingize jiko hemani ili kuota moto, hata kama makaa yamefunikwa majivu, kwa kuwa chini ya majivu sumu yaendelea kutoka. Wawili wakilalamika kichwa kwa wakati mmoja karibu na moto, tusiseme ni uchovu wa safari. Tuwatoe wote nje mara moja, kisha tuwapeleke hospitali.

Usiku wa baridi tuongeze blanketi, na jiko lilale nje.