Ampli ya zamani haijafa



Hapa Bukavu, iwe Kadutu, Bagira ao Ibanda, ampli ya kanisa ikianza kunguruma, wengi wanasema: imekufa, tununue ingine. Mara nyingi haijafa. Kilichozeeka ni kondensateri, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme na kuutuliza. Ndani mna dawa ya majimaji. Joto na miaka vinaikausha, na mngurumo wa umeme unapita mpaka kwenye spika.

Kwa vijana wetu wanaojifunza: kwanza, chomoa waya ukutani, toa umeme uliobaki kwa kutumia rezistansi, kisha pima kwa multimetri mpaka ukaribie sifuri. Kondensateri inaweza kukupiga hata ampli ikiwa imezimwa. Pili, weka yenye mikrofaradi zilezile, na volti zilezile ao zaidi. Ya zamani ikiwa ya volti 50, usiweke ya 35. Ya digrii 105 inavumilia joto kuliko ya 85. Tatu, usigeuze upande wa kutoa na wa kujumlisha: inaweza kupasuka. Nne, unapowasha mara ya kwanza, pitisha umeme kwenye balbu ya uzi ya wati 60. Ikiendelea kuwaka sana, zima, kuna shoti.

Kwa aliyerudi mikono mitupu, hii ni kazi: inaanza na chuma cha kulehemu, risasi na multimetri. Wafadhili wetu, musitutumie ampli mpya. Mutusaidie vifaa na mafunzo. Ampli mpya nayo itazeeka, fundi atabaki.