Kumtia Dawa ya Masikio Mbwa Mwenye Woga



Mmezoea kunisikia nikisema habari za mihogo na mahindi. Leo nitasema habari za mbwa. Naona wengine wanacheka. Haya, chekeni, lakini sikilizeni. Nani anayelala nje penye zizi la mbuzi? Nani anayefukuza nyani shambani? Ni mbwa. Na mbwa mwenye masikio mabovu hasikii vizuri, halali, na mtoto akimgusa kichwa anamuuma. Basi watu wanasema ameingia kichaa, wanachukua fimbo na kumuua. Kumbe alikuwa na maumivu tu.

Katika nchi yetu ya Kolwezi watu wanahamahama kwa ajili ya machimbo. Mnajua habari za Kasulo, ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, na mwaka 2017 nyumba nyingi zikabomolewa, wenyewe wakaondoka. Mtu anayehama anachukua godoro, sufuria na kuku. Mbwa anabaki. Anazunguka penye mashimo akitafuta chakula, na anapigwa mawe. Halafu mtu mwenye huruma anamchukua nyumbani kwake. Ni kazi nzuri, mimi naisifu. Lakini mbwa huyo amejifunza kwamba mkono wa mtu unaleta jiwe. Utamtiaje dawa sikioni?

Kwanza, tumjue mgonjwa. Mbwa mwenye ugonjwa wa masikio anatikisa kichwa mara nyingi. Anajikuna kwa mguu wa nyuma mpaka damu inatoka. Ukikaa karibu naye unasikia harufu mbaya. Ndani ya sikio utaona uchafu. Kama ni mweusi na mkavu kama unga wa kahawa, mara nyingi ni wadudu wadogo sana, ambao jicho linawaona kwa shida. Kama ni usaha, au uchafu wa mafuta wenye harufu, ni ugonjwa wa namna nyingine. Pengine ni kupe, au mbegu ya majani yenye ncha iliyoingia sikioni wakati majani yanapokauka.

Sasa neno kubwa. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa mwingine kabisa. Mbwa mwenye kichaa anabadilika tabia, sauti yake inabadilika, mate yanamtoka, anashindwa kumeza, miguu ya nyuma inalegea, anauma hata mti. Huyo usimguse, wala usitafute sikio lake. Mwite munganga wa nyama. Na mbwa yeyote akikuuma, hata kama unadhani ni sikio tu, osha kidonda kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ileile ukaombe sindano za kuzuia kichaa. Usingoje kuona dalili. Dalili zikimwanza mtu, dawa ya kumponya hakuna.

Turudi kwa mbwa wetu mwenye woga. Kosa la watu wengi ni haraka. Wanaume watatu wanamkamata, mmoja anakalia mgongo, mwingine anashika mdomo, wa tatu anamimina dawa. Siku ya kwanza dawa imeingia, wanafurahi. Siku ya pili mbwa anaona chupa na kukimbilia porini. Siku ya tatu anauma. Lakini dawa ya sikio si ya siku moja. Mara nyingi ni siku 7 mpaka 14, na wadudu wanataka karibu majuma matatu, maana mayai yao yanaendelea kuanguliwa. Umeshinda siku moja, umepoteza zote zilizobaki.

Kwa hiyo, anza na woga. Kaa chini, usisimame juu yake. Mgeuzie ubavu, usimtazame machoni. Kwa mbwa kukaziwa macho ni kutishwa. Mtupie ndakala moja, nyamaza, kisha ondoka. Fanya hivyo mara nyingi, kila siku mtu yuleyule, mahali palepale. Akianza kuja mwenyewe, mguse kifua au bega kwanza, usimguse kichwa. Mpe ndakala. Halafu shingo, ndakala. Halafu chini ya sikio lisilouma, ndakala. Akikaza mwili, akilamba midomo, akigeuza uso au kukunja mkia, amekuambia: basi. Rudi nyuma kidogo. Na akinguruma usimpige. Kunguruma ni hodi yake. Ukimpiga kwa kunguruma, kesho atauma bila hodi.

Chupa nayo izoeshwe. Iweke karibu na sahani yake ya bukari kabla hujaifungua. Mtu atauliza, "Monitere, nani ana siku za kupoteza kwa mbwa?" Ninajibu: zile dakika tano unazokaa jioni ukingoja chakula zinatosha.

Lakini kama maumivu ni makali, au funza wamo sikioni, au kichwa kimelala upande mmoja na mbwa anayumba akitembea, usingoje mazoezi haya. Mpeleke kwa munganga wa nyama. Yeye anaweza kumchoma sindano ya usingizi na kusafisha bila vita. Hata kwa mbwa mwingine ni vizuri munganga atazame kwanza. Ndani kabisa ya sikio kuna ngozi nyembamba kama ya ngoma. Ikiwa imetoboka, dawa nyingine zikipita zinamfanya mbwa kuwa kiziwi. Ndiyo sababu pia hatumtii mbwa dawa ya masikio iliyobaki ya mtoto, wala petroli, wala mafuta machafu ya motokari. Nimeona watu wakimimina mafuta hayo. Yanaunguza nyama iliyokwisha kuvimba.

Siku ya dawa yenyewe, shika chupa mkononi kwanza mpaka ipate joto lako, maana baridi inamshtua mbwa. Njia ya sikio lake haikunyooka kama yetu. Inashuka chini, halafu inapinda kuingia ndani. Kwa hiyo inua sikio juu taratibu, tia matone aliyosema munganga, ncha ya chupa isiingie ndani. Kisha sugua kwa vidole chini ya sikio, nje, kama nusu dakika. Utasikia maji yakilia ndani. Ndipo dawa inafika kwenye kona. Mwachie atikise kichwa. Pangusa tu kile unachokiona kwa kitambaa safi. Kijiti usitie, kinasukuma uchafu ndani.

Kama unaogopa meno, zungusha kitambaa kirefu mdomoni, funga fundo la kwanza chini ya kidevu na la pili nyuma ya shingo, mbali na masikio. Kisikazwe sana, wala kisikae muda mrefu, kwa sababu mbwa anapumua joto lake kwa mdomo. Ukimfungua, mpe chakula kizuri palepale.

Harufu ikiisha siku ya nne, usiache. Endelea mpaka siku zilizosemwa na munganga zitimie. Na kama ni wadudu, watie dawa mbwa wote wa nyumba pamoja na paka, wakati mmoja, kwa sababu wadudu hao wanapita kutoka mmoja hadi mwingine wanapolala pamoja. Lakini mwulize munganga kwanza dawa ya paka, kwani dawa nyingine za mbwa zinaua paka. Siku hiyohiyo mwombe amchanje mbwa wako mpya sindano ya kichaa. Watu wa nyumba zilizo karibu wapelekeeni wao pia, ili munganga asafiri mara moja tu kwa kijiji kizima.