Upepo Peke Yake Hauwashi Taa



Huko Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, imesimama mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Mitambo hiyo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya umeme ya kwenda Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, ilikamilika mwaka 2018. Upepo ulikuwepo, mapanga yalikuwepo, taa hazikuwepo. Na serikali ikalazimika kulipa fidia ya ucheleweshaji.

Waya nao haumalizi kazi. Kasi ya upepo ikipungua kwa nusu, nguvu yake hushuka hadi sehemu moja ya nane. Tena upepo wa Turkana huvuma zaidi usiku, wakati wateja wengi wamelala. Ndiyo maana gridi huhitaji pia maji, jotoardhi au betri.

Kuna na ardhi, jambo zito kuliko mapanga yenyewe. Mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi huo zilitolewa kinyume cha sheria. Basi kijiji kinachotembelewa na wapimaji wa upepo kiulize kabla ya kutia saini: njia ya umeme itajengwa lini, itapita wapi, na malisho yatabaki ya nani? Majibu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji.