Mali bila Daftari: Maneno ya Kumbukumbu na Kazi Zake

(Mazungumzo ya Kamati ya Hesabu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Tumepewa nafasi tuzungumze kidogo juu ya kumbukumbu za kikundi. Tumeona tuanze na neno moja la Kiingereza ambalo siku hizi halituachi mdomoni: rekodi. "Lete rekodi." "Rekodi hazionyeshi." Lakini uliza rekodi ni kitu gani hasa. Mmoja atakwambia daftari, mwingine risiti, mwingine muhtasari wa kikao. Basi ukimtuma mtu rekodi, atakuletea ile anayoijua yeye.

Neno hili lina maana nyingi. Ni santuri, ile sahani ya muziki ya gramafoni. Ni matokeo yaliyoyapita mengine yote: Filbert Bayi wetu alivunja rekodi ya dunia ya mbio za mita 1500 mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Ni sifa ya mtu pia. Mkopaji mwenye rekodi mbaya tunamjua wote. (Kicheko.) Tena ni maandishi yanayoonyesha jambo lilivyokuwa. Maana zote hizi zina undugu: jambo limepita, lakini limewekwa mahali ambapo tunaweza kulirudia. Bayi alivunja rekodi kwa sababu kabla yake kuna mtu alishika saa, akaandika.

Chimbuko la neno ni Kilatini, kitenzi cha kukumbuka, na ndani yake mna neno la moyo. Kwa hiyo Kiswahili kilipoliita "kumbukumbu" hakikukosea hata chembe.

Sasa tuangalie majina mengine yaliyomo sandukuni mwetu, maana kila moja lina kazi yake.

Daftari limetufikia kwa Waarabu, na mizizi yake inakwenda hadi kwa Wayunani wa kale, kwenye neno la ngozi. Watu waliandika juu ya ngozi kabla ya karatasi kuenea. Kwetu ndilo jina la jumla: mahali pa kuandikia.

Rejista, au sajili, inajibu swali la "nani?" Nani mwanachama, nani amehudhuria leo, nani mrithi wake. Ndiyo maana tunasema kikundi "kimesajiliwa": jina lake limeingia kwenye orodha ya serikali. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ya hapa Tanzania imevitaja vikundi vya kijamii kama chetu katika daraja la nne, na inavitaka visajiliwe.

Leja inajibu swali la "kiasi gani?" Kwa Kiingereza cha zamani lilikuwa jina la kitabu kinacholazwa mahali pamoja, hakibebwi huku na huku. Huo ni wosia mzuri jamani: leja hailali nyumbani kwa mtu bila kikao kujua.

Muhtasari unajibu "tuliamua nini?" Ni ufupisho, si kila neno lililosemwa. Kina mama tukiandika kila neno, daftari halitoshi! (Kicheko.) Lakini uamuzi usikose humo.

Stakabadhi, au risiti, inajibu "nani amepokea?" Hii anaondoka nayo aliyetoa fedha. Hati nayo ni ushahidi wa haki au makubaliano, kama ile fomu ya mkopo yenye sahihi au dole gumba la mkopaji na la wadhamini.

Na kitabu cha hisa, chenye mihuri, ni leja ya mwanachama mwenyewe. Hisa moja, muhuri mmoja. Asiyejua kusoma anahesabu mihuri yake kwa kidole, wala hamwombi mtu amsomee.

Mtu atauliza, majina haya yana faida gani, si yote ni makaratasi? Tutaeleza kwa jambo ambalo wengi wenu mlilishuhudia.

Katika mwaka wa nne wa kikundi tulimzika mwenzetu. Hata arobaini haijafika, shemeji yake alitujia akidai fedha zote za marehemu, na akasema deni la mkopo halijui. Kwa midomo tungeshindana mpaka leo. Tulifungua vitabu mbele yake. Kitabu cha hisa kilikuwa na mihuri 114, hisa moja shilingi 2,000, jumla shilingi 228,000. Leja ilionyesha deni lililobaki ni shilingi 60,000. Zikabaki shilingi 168,000, mbali na faida ya mwisho wa mzunguko. Halafu tukafungua rejista, kwenye safu ya mrithi. Lilikuwa jina la binti yake, limeandikwa siku marehemu alipojiunga, na dole gumba lake pembeni. Binti alipokea fedha, akatia sahihi, akapewa stakabadhi.

Oneni basi. Kitabu cha hisa peke yake kisingetosha, maana hakisemi mrithi ni nani. Rejista peke yake isingetosha, maana haisemi kiasi. Kila kitabu kilijibu swali lake. Marehemu hakuwepo kujitetea. Yale maandishi ndiyo yaliyosimama badala yake.

Pamoja na hayo, ile kumbukumbu ya moyoni tusiitupe. Ndiyo sababu kila kikao kinapokwisha mtunza kumbukumbu anatangaza salio la sanduku, na sote tunalishika kichwani. Kikao kinachofuata, kabla fedha hazijahesabiwa, tunaulizana salio lilikuwa ngapi. Karatasi inaweza kulowa, kuchanika au kufutwa. Kalamu moja inaweza kudanganya, ila vichwa thelathini ni vigumu kuvidanganya kwa pamoja. Daftari linamkumbusha mtu, na watu wanalilinda daftari.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu katika miaka kumi ijayo. Kwanza, kila mwanachama akague kitabu chake palepale kikaoni, si njiani. Pili, majina ya warithi yapitiwe upya kila mwaka, kwa sababu watoto wanazaliwa na ndoa zinabadilika. Tatu, tuwafundishe vijana wetu wa kike kazi hii ya kuandika, ili kalamu isibaki kwa watu wawili.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumeona kwamba hata haki hupotea hivyohivyo.