Injini ya Land Rover Letu na Safari ya Shungimbili: Tumpe Fundi Yupi?

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mwenzetu mbele ya Mkutano Mkuu wa Wanafunzi wa Zamani, Kilindoni, Mafia)



Nimepewa robo saa, nami nitajitahidi nisiipite. Kamati imeniomba niseme juu ya jambo moja tu: ile injini ya Land Rover kukuu la shule, ambayo tumekwisha kubaliana kuitoa na kuifunga katika mashua yetu mahali pa ile iliyokufa, tumkabidhi fundi gani aifanyie ovahoo.

Gari lenyewe mnalijua. Chesisi yake imeliwa na chumvi kiasi kwamba ukifungua mlango mmoja gari zima hulia. Lakini injini, dizeli ya lita 2.25, ilifunikwa turubai na haikuingia maji. Kwa hiyo wazo la kuihamishia baharini si wazo la kipumbavu, ingawa wako waliocheka siku liliposemwa mara ya kwanza. Ila yapo mambo matatu manne ambayo yafaa tuyajue kabla hatujatoa fedha za watu.

Kwanza tukumbuke mashua inakwenda wapi. Tumesema itawapeleka watoto wa Kidato cha Tatu Shungimbili. Kisiwa hicho, pamoja na Nyororo na Mbarakuni, kilitangazwa kuwa eneo tengefu la bahari mwaka 2007. Siku hizi juu yake ipo nyumba ya kifahari ya wageni, basi watoto wetu hawaendi kukanyaga mchanga wake. Wanakwenda, kwa kibali cha wenye mamlaka ya maeneo tengefu, kuyatazama matumbawe yanayokizunguka. Sisi tulisomeshwa matumbawe kwa chaki ubaoni, na bahari ilikuwa pale nyuma ya vyoo.

Sasa, gari likizimika njiani kati ya Kirongwe na Kilindoni, unashuka, unakaa chini ya mnazi, unasubiri. Chombo kikizimika karibu na Shungimbili wakati wa kusi, hakuna mnazi. Mkondo unakuchukua na upepo unakusukuma kaskazini, na huko mbele ni bahari wazi.

Hilo nalisema kwa kuliona. Mwezi mmoja wa Julai nilikuwa katika safari ya kikazi, ndani ya chombo ambacho injini yake ilikuwa imetoka kufanyiwa ovahoo karibuni. Tulipokuwa tunakiona kisiwa vizuri kabisa, oili ilikosa nguvu, injini ikaanza kugonga kama mtu anayetwanga kinu kitupu, kisha ikanyamaza. Tulikuwa watu 9. Nahodha alitusimamishia kipande cha turubai kwenye upondo kikawa tanga, nasi tukapiga kelele mpaka wavuvi wakatusikia. Injini ile ilipofunguliwa, tulikuta beringi zote mpya, zinang’aa, lakini krenki yenyewe ilikuwa imelika upande mmoja hata haikuwa duara tena, ilikuwa yai. Fundi alitia beringi mpya juu ya krenki ambayo hakuipima. Jina lake silitaji, wala halina haja hapa. Ninachotaka mkione ni kwamba kazi yake ilionekana safi sana kwa macho. Hata rangi alipaka.

Ndugu Mwenyekiti, hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Ovahoo ni kazi ya kupima kabla ya kuwa kazi ya kufunga. Fundi wa kufunga injini wamejaa, na wengi wao ni hodari. Fundi wa kupima ni wachache, na mwenye injini hawezi kuwatofautisha kwa kuitazama injini ikiwa imekwisha fungwa.

Na injini yetu inadai vipimo kuliko nyingi. Land Rover za lita 2.25 zilizotoka kiwandani kabla ya 1980, kama hili letu, krenki yake hukalia beringi kuu 3 tu. Kuanzia 1980 zilitiwa 5. Krenki iliyoshikwa mahali patatu huyumba zaidi inapolemewa. Barabarani injini hupata nafuu: kuna mteremko, kuna kusimama, kuna kubadili gia. Baharini haipati. Rafadha hubeba mzigo ule ule kutoka gatini hadi mwisho wa safari. Isitoshe, dizeli hii haina plagi ya kutoa cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na hewa hiyo hubanwa mara 23. Kama silinda zimelika, au valvu hazikai sawasawa, hewa huvuja, na asubuhi ya baridi utapiga stata mpaka betri ife.

Basi nilizunguka sehemu tatu, na kila mahali niliuliza swali moja: “Ukiifungua injini hii, utapima nini?”

Fundi wa hapa Kilindoni alinijibu bila kuzunguka: “Kaka, mimi nitaifungua na nitaifunga, lakini krenki sitaigusa. Sina mashine ya kukereza wala maikromita. Hiyo ipelekwe Dar es Salaam.” Jibu hilo lilinipendeza mno. Mtu anayejua mwisho wa kazi yake ni mtu wa kufanya naye kazi.

Wa pili ni mwenzetu, mwanafunzi wa zamani kama sisi, mwenye gereji yake mjini. Bei yake ndiyo ya chini kuliko zote, na wengi mmeniambia pembeni kwamba kazi hii apewe yeye, kwa kuwa mali ya chama ibaki ndani ya chama. Nilipomwuliza swali langu alisema, “Ninyi leteni tu, ndugu yangu, mimi ni wenu, msiwe na wasiwasi.” Nilirudia swali, akarudia undugu. Simshutumu kwa lolote, na huenda ni fundi bora kuliko wote. Lakini hilo si jibu la swali nililouliza. Sisi tunaofanya kazi Serikalini tunajua makadirio ya bei yaliyoandikwa mstari mmoja, “matengenezo ya injini, jumla kadhaa”, huwa yanaficha nini. Mara nyingi hayafichi wizi. Yanaficha kwamba mwandishi mwenyewe hajui bado atafanya nini.

Wa tatu ni karakana moja ya kukereza huko Gerezani. Mahali penyewe hapavutii: kelele, oili chini, na huna pa kukaa. Mzee wa pale hakunijibu kwa maneno. Alifungua daftari, akanionyesha krenki ya mteja wa siku hiyo: kila shingo imepimwa mara mbili, kwa wima na kwa ulalo, na tofauti imeandikwa. Akaniambia, “Hii tumeipunguza robo milimita. Ingekuwa imepunguzwa mara nyingi huko nyuma, ningemwambia mwenyewe akatafute nyingine, maana beringi za kuitosha zingekosekana.” Kisha akaniuliza yeye swali ambalo wengine hawakuniuliza: injini inakwenda kufungwa wapi? Nilipomwambia baharini, alitaka kujua tutaipoza kwa nini, na itakaa kwa mwinamo gani.

Maswali hayo mawili si ya mzaha. Rejeta ya gari haina kazi ndani ya mashua, kwa sababu hakuna upepo wa kuipitia. Wako wanaoyaingiza maji ya bahari moja kwa moja ndani ya injini. Itapoa, ndiyo, na chumvi itaila bloku kutoka ndani. Inafaa maji baridi yazunguke ndani ya injini, nayo yapozwe na maji ya bahari kwa bomba linalopita chini ya mkuku, bila ya maji hayo mawili kukutana. Na injini ikilala sana kuelekea tezi, oili hukimbilia upande mmoja, pampu ikavuta hewa. Hapo hata krenki iliyokerezwa kwa ustadi haitadumu.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Kufungua na kufunga afanye fundi wa Kilindoni, kwa kuwa ndiye atakayeitwa siku injini itakapokohoa, na afadhali aitwe aliyeifunga kwa mikono yake. Krenki, bloku na silinda hedi vipelekwe Gerezani, vivuke Nyamisati vikiwa vimepakwa grisi na kuvishwa magunia, naye fundi wetu aende navyo ashuhudie vipimo. Pampu ya dizeli na nozeli zipelekwe kwa mwenye mashine ya kuzipimia; hiyo ni kazi ya mtu mwingine kabisa, na karakana inayodai kufanya kila kitu chini ya paa moja tuiulize mara mbili.

Juu ya mwenzetu, nasema apelekewe barua, aombwe vipimo kwa maandishi kama wengine. Akivileta kabla ya mwisho wa mwezi, Kamati ishindanishe. Asipovileta, undugu wetu utabaki pale pale, na mwakani tutakula naye pilau hapa hapa.

Fedha zitoke kwa awamu tatu: ya kwanza wakati wa kufungua, ya pili Kamati ikiisha kuiona karatasi ya vipimo, ya mwisho injini ikiisha kuungurumishwa juu ya mbao kwa saa 2 mfululizo, na nguvu ya oili kuandikwa ikiwa baridi na ikiwa moto. Beringi mpya zisifungwe kabla mjumbe mmoja hajazigeuza na kusoma kipimo kilichopigwa mgongoni mwake, kilingane na cha daftari. Spea zote za zamani zirudishwe kwetu, hata zilizovunjika. Na baada ya yote, mashua ikaguliwe na TASAC kabla mtoto hata mmoja hajapanda.

Najua gharama itapita ile tuliyochanga. Mweka Hazina anayo hesabu, atawasomea baada yangu, na naomba msimkatize. Fundi wa Kilindoni amekuja, amekaa nje chini ya mwembe. Mwenye swali la ufundi amwite, atalijibu vizuri kuliko mimi.