Kiongozi, Maneno Yake na Watu Wake: Habari za Ukambani



Mtu asimamaye hapa na kuutazama mlima wa Nzaui, ambako wazee husimulia kuwa Mulungu aliwashusha mume na mke wa kwanza wa Wakamba, hawezi kudhani jinsi nchi hii ilivyokuwa katika miaka ya 1930. Vilima vilikuwa vitupu, mvua imechimba makorongo, na ng'ombe wamekonda. Mwaka 1937 Bwana Colin Maher, afisa wa serikali aliyesimamia hifadhi ya udongo, aliandika taarifa ya kutisha juu ya wilaya ya Machakos, ambayo siku zile Makueni ilikuwa ndani yake. Aliyoyaona yalikuwa ya kweli. Lakini kuona ni jambo moja, na kumwonyesha mwenzio hata naye aone ni jambo jingine.

Serikali ilichagua amri. Mwaka 1938 ng'ombe walikamatwa na kupigwa mnada kwa bei ya chini, na kiwanda cha nyama cha Liebig huko Athi River kikapata wa kuchinja. Kwa Mkamba ng'ombe alikuwa ndiye mahari ya mwanawe na akiba yake ya siku ya njaa. Mwenye zizi hakuelezwa atakula nini akiisha kuuza. Aliambiwa auze tu. Ndipo alipotokea Muindi Mbingu. Yeye hakuleta elimu mpya, bali alilisema waziwazi lile ambalo kila mtu alikuwa akilinung'unikia zizini kwake. Mwezi wa Julai wanaume, wanawake na watoto walikwenda kwa miguu hata Nairobi, wakakaa huko wakitaka kuonana na Gavana. Muindi alikamatwa, akahamishiwa Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kutwaa ng'ombe kwa nguvu.

Udongo, kwa bahati mbaya, haukungoja shauri lile liishe; uliendelea kuchukuliwa na maji.

Baada ya Vita Kuu ya Pili watu walilazimishwa kuchimba matuta chini ya usimamizi wa machifu. Kazi ilifanyika, ila kwa moyo mzito, kwa maana aliyechimba aliyahesabu matuta yale kuwa ni ya serikali. Mambo yaligeuka katika miaka ya 1950, na kilichoyageuza hakikutoka mbali. Kilikuwa ni mwethya, ule ushirika wa zamani ambao majirani huja na majembe yao kulima shamba la mmoja wao, na kesho la mwingine. Vikundi vilijichagulia viongozi, na wengi wao walikuwa wanawake, kwa kuwa waume walikuwa kazini mijini. Mama aliyewaita wenzake alfajiri hakuwa na askari wala faini. Alikuwa na shamba lake mwenyewe, ambalo wenzake walikwisha kulilima juma lililopita, na deni lile alilijua kila mmoja.

Tena watu walipenda namna moja ya tuta, iitwayo fanya juu. Udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, na misimu ikipita shamba huwa kama ngazi, maji yakatulia. Jirani aliyepita njiani akayaona mahindi ya mwenzake yamesimama hali yake yamekauka, hakuhitaji kuhutubiwa. Baada ya Uhuru wa 1963 kazi ililegea kidogo, maana matuta yalikuwa bado yananuka amri. Kisha ikarudi, safari hii bila ya kulazimishwa. Mwaka 1932 Machakos ilikuwa na watu 240,000 hivi. Mwaka 1989 walikuwa karibu 1,400,000, na vilima vile vilivyokuwa vitupu vilikuwa na mashamba na miti.

Mfano wa Bwana Joshua Mukusya wa Utooni ni wa namna hiyo hiyo. Mwaka 1978 yeye na jamaa chache za jirani walianza kujenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto wa msimu. Mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga, jua lisiyafikie. Neno la maji chini ya mchanga lilikuwa rahisi kuaminika kwa Wakamba, kwani mama zao walikuwa wakifukua mito mikavu tangu zamani. Aliloongeza yeye ni ukuta, na kubeba mawe pamoja nao.

Hapa Kalamba penyewe, katika siku za Gavana Kivutha Kibwana, aliyeongoza Makueni tangu 2013 hata 2022, mashauri ya maendeleo yalianzia mikutano ya vijiji, yakapanda ngazi kwa ngazi hata kaunti. Mkulima alikuwa amekwisha kuona maembe yakioza chini ya mti, au dalali akiyachukua kwa bei aipendayo yeye. Mwaka 2017 kiwanda cha kusindika maembe kilianza kazi hapa.