Mwanga wa Kuonyesha na Mwanga wa Kulinda
Maneno kwa vijana wanaojifunza filamu, mbele ya wazazi na viongozi wa wakimbizi wa ndani



Vijana wamekwisha kujifunza kushika kamera. Leo tuongee juu ya mwanga, kwa sababu anayepanga mwanga ndiye anayeamua mtu aonekane namna gani.

Hatuna taa kubwa wala umeme wa uhakika, lakini jua tunalo. Hapa kwetu karibu na ikweta, saa 6 mchana jua linasimama juu ya kichwa. Macho yanaingia kivulini, na mama mwenye huzuni anaonekana kama mtu mkali. Basi pigeni picha asubuhi kabla ya saa 3, au jioni baada ya saa 10. Ikiwa ni lazima mchana, mkalisheni mtu mlangoni, ndani kidogo, uso ukielekea nje. Upande wenye kivuli, mwenzenu ashike kitambaa cheupe kirudishe mwanga usoni. Msimweke mbele ya turubai jeupe linalong'aa, maana kamera itapunguza mwanga na uso utageuka doa jeusi.

Msimulike mtu kwa tochi kutoka chini. Mwanga huo unamfanya hata mtu wa amani aonekane wa kutisha. Na mkipiga watu wa jamii mbili zenye ugomvi, wapeni wote mwanga ule ule. Mmoja aking'aa na mwingine akiwa gizani, filamu imekwisha kuhukumu.

Sasa mwanga wa kulinda. Mama aliyetendewa ubaya, au kijana aliyetoka katika kundi lenye silaha, anaweza kutaka kusema bila kujulikana. Akae mgongo ukielekea dirishani, ndani kuwe giza, na kamera ifuate mwanga wa dirisha. Ataonekana kivuli tu. Lakini msiamini upesi. Programu ya simu inaweza kuongeza mwanga katika picha ya giza, na uso ukatokea. Jaribuni ninyi wenyewe kwanza. Mkiona pua au jicho, futeni, mpige upya. Njia salama zaidi ni kupiga kivuli chake ukutani, na maneno yake yasomwe na mtu mwingine. Sauti, kitenge, kovu, hata mlima unaoonekana dirishani, vyote vinaweza kumtambulisha.

Ninyi viongozi, msimlazimishe mtu kusema ili wafadhili waone. Mwezi wa pili mwaka 2025 kambi za kandokando ya Goma zilivunjwa, watu wakatawanyika. Hema ziliondoka, lakini picha zilizopigwa humo zinaweza kuendelea kutembea katika simu za watu. Aliyeonyesha uso wake kati ya majirani aliowaamini, leo labda anaishi kati ya watu asiowajua.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha kamera, muulizeni: «Picha hii ikifika kijijini kwenu, hata baada ya miaka mitano, wewe na watoto wako mtakuwa salama?» Akikubali, mwonyesheni picha kabla haijatoka. Akikataa, zimeni kamera, mumshukuru, na msimuulize mara ya pili.